Rupia ya Bibi: Ni Fedha, au Shaba Iliyovikwa Fedha?



Majuma machache yaliyopita alinijia mama mmoja kijana wa Ujiji, mtoto mgongoni na fundo la kitambaa mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Ujiji?"

"Ni njema, ila nina shida ndogo."

Akalifungua lile fundo juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na sarafu tatu kuukuu. Akasema, "Hizi ni za marehemu bibi yangu. Alizishona katika pindo la kanga, akaniachia mimi. Sasa amepita mtu nisiyemjua, anazunguka nyumba kwa nyumba akiulizia sarafu za zamani. Alizitazama, akasugua moja kwa kidole, akanionyesha wekundu. Akasema zote ni shaba, zimepakwa fedha juu tu. Alitaka kuzichukua zote tatu kwa bei ya kilo chache za sukari. Nami nina mtoto wa shule anayehitaji sare na madaftari. Nimemwambia arudi Jumamosi."

Kisha akanyamaza kidogo, akatoa sarafu ya nne kutoka kibindoni. "Na hii ni ya kaka yangu, mvuvi wa Kibirizi. Aliinunua kwa pesa alizoweka akiba ili apate mashine ya mtumbwi. Waliomwuzia walimwambia kuwa ni rupia ya Mdachi, na kwamba yuko tajiri Dar es Salaam anayezinunua kwa mamilioni. Huyo tajiri hajaonekana hata leo."

Nikaona kwamba jambo hili si la nyumba moja. Wako wanaoambiwa kuwa mali yao ni takataka, wakaiuza bure. Wako na wengine wanaoambiwa kuwa takataka ni mali, wakainunua kwa jasho lao. Wote wawili wamekosa kitu kimoja: njia ya kupima. Basi leo tuzungumze juu ya njia hiyo.

Kwanza tujue sarafu hizi zilifikaje kwetu. Zamani za misafara, soko la Ujiji lilitumia shanga. Shanga zilitungwa katika kete, na kete kumi zilifanya fundo moja. Pamoja na wafanyabiashara wa Unguja na pwani zilikuja pia sarafu za fedha, hasa ile riale kubwa yenye sura ya mama mnene, Maria Theresa, malkia wa Austria. Baadaye ikaja rupia ya Wadachi. Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898, watu wengi walilazimika kuitafuta rupia hata kama hawakuitaka. Na reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, rupia zilikuja pamoja na mishahara ya wajenzi na wapagazi. Vita vikaja. Mwaka 1916 Wabelgiji waliitwaa Kigoma, na baada yao wakaja Waingereza, na tangu mwaka 1921 ikaanza kuchapwa shilingi ya Afrika Mashariki yenye picha ya simba. Ndiyo maana katika pindo moja la kanga ya bibi mwaweza kukutwa serikali tatu.

Sasa, ule ujanja wa kuivika shaba nguo ya fedha si wa jana. Mmesoma katika Injili habari za dinari. Hiyo ilikuwa sarafu ya fedha ya Warumi, na katika mfano wa shamba la mizabibu dinari moja ndiyo ujira wa kibarua wa siku nzima. Basi walaghai wa zamani hizo walichukua kipande cha shaba, wakakizungushia bamba jembamba la fedha, wakakitia motoni mpaka bamba likashikana na shaba, kisha wakakipiga chapa. Ikatoka dinari inayong'aa. Kibarua aliyeipokea alikuwa amefanya kazi tangu alfajiri hata jioni kwa kipande cha shaba. Mwaka 85 kabla ya Kristo, mkuu mmoja wa Roma aliyeitwa Marius Gratidianus alitangaza utaratibu wa kuzipima sarafu ili za uongo zitambulikane, na watu walifurahi hata wakamsimamishia sanamu mitaani. Hapo mwaweza kuona jinsi jambo hili lilivyowauma.

Wavunja fedha wa Roma walikuwa na njia yao ya haraka: waliikata sarafu ukingoni kwa patasi ili waone ndani. Hata leo dinari nyingi zilizo katika majumba ya makumbusho zina makovu hayo. Lakini sisi tusifanye hivyo. Usiikate sarafu, usiipige tupa, usiing'ate, wala usiitie siki au majivu ili ing'ae. Wanunuzi wa sarafu za kale huipenda ikiwa na weusi wake wa uzee. Ukiisugua hata ikang'aa, umeipunguzia bei kwa mkono wako mwenyewe. Weusi juu ya fedha si dosari. Ni hali ya fedha iliyokaa miaka mingi.

Basi, twende hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni macho. Ipeleke sarafu kwenye mwanga wa jua na uitazame mahali palipoinuka: shavu la mtawala, kofia yake, na ukingo wote. Hapo ndipo panapolika mapema. Rupia ya kweli ikilika, chini yake ni fedha tena. Iliyovikwa ikilika huonyesha wekundu wa shaba au unjano, na pengine ngozi ya juu imevimba au kubanduka kama rangi ya ukutani. Tazama pia kama kuna mshono mwembamba unaozunguka ukingo. Sarafu iliyomiminwa katika kalibu ya nusu mbili mara nyingi huacha mstari huo, na herufi zake huwa butu, kana kwamba zimefinyangwa kwa sabuni.

Soma maandishi. Rupia za kampuni ya Kidachi zilichapwa kuanzia mwaka 1890 hadi 1902. Zina sura ya Kaizari Wilhelm mwenye kofia ya chuma yenye tai juu yake, na upande wa pili ngao yenye simba na mnazi. Zile za serikali zilianza mwaka 1904 zikaishia 1914, nazo zimeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA. Basi mtu akikuletea rupia ya fedha yenye mwaka 1916, usihangaike kuipima. Mwambie akaitafutie mjinga mwingine, au afadhali aitupe ziwani.

Riale nayo ina jambo la ajabu. Karibu zote zimeandikwa mwaka 1780, ambao ndio mwaka aliofariki malkia yule. Wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu walikuwa wameizoea sura hiyo, wala hawakutaka nyingine. Kwa hiyo iliendelea kuchapwa Vienna kwa mwaka uleule, na katika karne ya 20 ilichapwa hata London, Roma na Bombay. Kwa hiyo riale iliyozaliwa juzi yaweza kusema ilizaliwa 1780, na bado ikawa fedha halali. Kwa riale, mwaka haukuambii kitu. Tazama ukingo: ya kweli ina maneno ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma, yakizunguka pamoja na mapambo.

Hatua ya pili ni sikio. Iweke sarafu juu ya ncha ya kidole, uigonge polepole kwa kijiti. Fedha hulia kwa sauti nyembamba inayokaa. Yenye risasi ndani hulia kama kigae. Lakini usitoe hukumu kwa sikio peke yake, maana sarafu iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni, au yenye ufa, hulia vibaya ingawa ni ya kweli. Vivyo hivyo sumaku: ikiivuta sarafu, ndani mna chuma, na mambo yamekwisha. Isipoivuta hujajua lolote, kwa sababu sumaku haivuti fedha, wala shaba, wala risasi.

Hatua ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni mizani na maji. Hapo mlaghai hupata taabu sana.

Kila madini yana uzito wake kwa ukubwa uleule. Chukua kipande cha fedha na kipande cha shaba vilivyo sawa kwa ukubwa. Fedha itakuwa nzito zaidi. Rupia ya Kidachi ilichapwa kwa gramu 11.66, na katika sehemu 12 zake, 11 ni fedha. Upana wake ni milimeta 30 hivi. Mlaghai akitengeneza ya shaba yenye ukubwa uleule kabisa, itapata gramu 10 na kidogo tu. Akitaka ifikie gramu 11.66, lazima aifanye nene au pana zaidi. Hawezi kupata vyote viwili kwa shaba. Uzito ukiwa sawa, ukubwa utamsuta. Ukubwa ukiwa sawa, uzito utamsuta.

Hesabu hii hutajwa pamoja na jina la Arkimede, Myunani wa Sirakusa, ambaye inasimuliwa kwamba mfalme alimtaka achunguze taji la dhahabu bila kuliharibu. Nasi twaweza kuifanya mezani kwetu. Yatakiwa mizani midogo ya sonara inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, kikombe chepesi cha plastiki, maji safi, na uzi mwembamba.

Pima sarafu ikiwa kavu, uandike. Kisha weka kikombe chenye maji juu ya mizani, uirudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi, uizamishe yote majini ukiushika uzi kwa mkono, isiguse chini wala ubavuni, wala isiwe na mapovu. Mizani itaonyesha namba ndogo. Hiyo ndiyo uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Sasa gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo.

Ukipata 10.3 hivi, hiyo ni hesabu ya rupia ya kweli. Riale, ambayo katika sehemu 6 zake 5 ni fedha, hutoa 10.2. Shaba hutoa karibu 9, na shaba ya njano 8 na nusu hivi. Risasi hupita 11. Mlaghai mwenye akili aweza kuchanganya risasi na madini mepesi ili aipate namba ya fedha. Lakini mchanganyiko huo utalia kama kigae, na jicho litamwona. Ndiyo maana nasema hatua zote tatu ziende pamoja. Shahidi mmoja hatoshi.

Sarafu yenye kikuku kilichounganishwa kwa risasi, au yenye tundu, haitakupa uzito kamili. Hata hivyo ile ya tundu hesabu ya maji huifaa, kwa sababu tundu limepunguza uzito na ukubwa pamoja.

Basi tulikwenda na yule mama kwa sonara mmoja wa mjini, mzee mwenye subira, akatuazima mizani yake. Nawapa matokeo kama nilivyoyaandika.

Sarafu ya kwanza, riale: gramu 27.86 ikiwa kavu, na katika maji 2.73. Gawanya, yatoka 10.2. Maneno ya ukingoni yapo. Ni ya kweli.

Ya pili, rupia ya mwaka 1905: gramu 11.53, imelika kidogo kwa kupita mikononi, na katika maji 1.12. Yatoka 10.3. Ni ya kweli.

Ya tatu ndiyo ile aliyoisugua mgeni akaonyesha wekundu. Kumbe si rupia hata kidogo. Ni shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1922, yenye simba. Kavu ilikuwa gramu 7.62, majini 0.82, na hesabu yake 9.3. Sasa hapa sikilizeni vizuri. Shilingi hizo, tangu mwaka 1921 hadi 1946, serikali yenyewe iliziagiza ziwe na robo tu ya fedha, na sehemu kubwa ya zilizobaki ni shaba. Zikiwa mpya zilikuwa nyeupe. Zikichakaa huonyesha wekundu. Si bandia, wala haikuvikwa kitu. Ni shilingi halali ya fedha hafifu. Yule mgeni aliujua wekundu huo, akautumia kama shahidi wa uongo dhidi ya zile nyingine mbili. Alionyesha ukweli wa sarafu moja ili aseme uongo juu ya zote.

Ya nne, ya kaka yake. Sura ya Kaizari ilikuwa nzuri, na mwaka wake unasomeka. Upana ulikuwa sawasawa na ile rupia ya kweli. Lakini kavu ilikuwa gramu 10.03, majini 1.12. Sonara akapiga hesabu mara mbili, akaniangalia, akasema, "Shaba." Kisha akatuonyesha kwa kioo cha kukuzia mahali karibu na sikio la Kaizari ambapo ngozi imebanduka, padogo kama mbegu ya ufuta.

Kaka mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Basi nami nitampata mtu nimwuzie kama nilivyouziwa, nirudishiwe changu."

Dada yake akamjibu polepole, "Na huyo mtu, kaka, naye ana dada yake."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kumwambia, nikayaacha. Kesho yake kijana alikwenda polisi na ile sarafu na namba ya simu ya waliomwuzia. Kama pesa zake zitarudi, mimi sijui. Lakini kule kuipitisha kwa mwenzake kungemfanya yeye kuwa mlaghai wa pili, na sheria haiulizi kama nawe ulidanganywa kwanza.

Kabla sijafunga, maonyo mafupi.

Mtu akikuambia kwamba rupia ya kweli huvuta punje za mchele au huzima tochi, huyo ameleta mchezo wa kiini macho. Udanganyifu wa sarafu inayovuta mchele umewamaliza watu wengi huko India pia. Fedha haivuti mchele. Aliyetangulia kuupaka mchele vumbi la chuma ndiye anayejua unavutwa na nini.

Mtu akikuletea dhahabu ya Tabora yenye picha ya tembo, kuwa na hadhari mara kumi. Zilichapwa kweli mwaka 1916, katika karakana ya reli karibu na Tabora, lakini zilikuwa 16,198 tu, na nakala zake za siku hizi ni nyingi. Vilevile mwaka huohuo zilichapwa heller 20 za shaba ya njano. Hizo ni za kweli, ila ni shaba. Asikuuzie mtu kuwa ni dhahabu.

Wala msishike majembe mkachimbe kwenye magofu na makaburi ya Wadachi kwa sababu ya uvumi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kuchimba masalio bila kibali, na kaburi la mtu ni kaburi la mtu.

Na mtu akikuharakisha, akisema "toa jibu sasa hivi, gari linaondoka", mwache aondoke na gari lake. Fedha ya kweli iliyongoja katika pindo la kanga miaka mingi yaweza kungoja mpaka Jumatatu mizani ipatikane.

Sasa mtauliza, Jumamosi ilikuwaje? Yule mgeni alirudi. Mama akamwambia, "Moja ina robo ya fedha, mbili ni fedha nzuri, na hesabu yake ninayo hapa." Akamwonyesha karatasi. Mgeni hakubishana hata neno moja. Palepale akapandisha bei mara tatu. Kwa hiyo alikuwa anajua tangu siku ya kwanza.

Mama hakumwuzia. Sare za mtoto alizinunua kwa kuiuza ile riale kwa sonara, kwa uzito wake, mbele ya mizani. Shilingi alimpa mtoto aichezee. Rupia ameirudisha katika pindo la kanga, akaishona tena, na ile karatasi ya hesabu ameikunja akaiweka pamoja nayo, ili atakayeirithi asihitaji kumwuliza mpita njia.